Mshono wa Jiwe

Mwanamke apangusaye meza ya jikoni iliyotengenezwa kwa jiwe huijua meza yake kwa kiganja kabla ya kuijua kwa macho. Kitambaa hupita juu ya jiwe kama juu ya maji yaliyotulia, kisha mahali pamoja, aghalabu penye kona au karibu na sinki, husita. Pana mstari. Pengine ni mwembamba kama unywele; pengine ni mpana hata unga na mafuta vimepata makao humo, na rangi yake imekuwa nyeusi. Huo ndio mshono, mahali ambapo mabamba mawili ya jiwe yamekutanishwa ili yafanane na moja. Wenye nyumba wengi huuhesabu kuwa aibu ya fundi. Lakini mshono una nasaba ndefu kuliko fundi yeyote aliye hai, na hukumu juu yake, kama ufichwe au uonyeshwe, imetolewa mara nyingi tangu watu walipojifunza kupasua mawe.

Chanzo chake si siri. Jiwe halimiminwi kama saruji wala halifumwi kama mkeka. Hutoka machimboni likiwa pande kubwa, pande hupasuliwa kwa misumeno likawa mabamba, na bamba haliwezi kuwa refu kuliko pande lililolizaa. Katika biashara ya leo bamba la graniti, jiwe ambalo kamusi huliita itale, huwa na urefu wa kama mita 3 na unene wa sentimita 2 au 3, na uzito wake huweza kupita kilo 400. Meza ikizunguka kona ya jiko, au ikiwa ndefu kuliko bamba, au ngazi ya nyumba ikiwa nyembamba hata watu wanne wasiweze kupita na mzigo huo, hapana budi jiwe likatwe na kuungwa. Mshono basi huamuliwa kwanza na mlima, kisha na barabara, kisha na mlango wa nyumba. Fundi huja mwisho, naye ndiye alaumiwaye.

Hapana mahali ambapo habari hii yaonekana kwa uwazi zaidi kuliko Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Katika barabara za mji huo yamefukuliwa maduka zaidi ya 100 ya kuuzia vyakula na vinywaji, na kila duka lilikuwa na meza ya kujengwa kwa mawe na chokaa, ambayo mara nyingi ilizamishwa mitungi mikubwa ya udongo ndani yake. Juu ya meza hizo, na mbele zinapoelekea barabarani, mafundi walibandika marumaru. (Leo watu wengi huita marumaru hata vigae vya sakafuni; hapa yakusudiwa jiwe lenyewe.) Lakini hayakuwa mabamba mazima. Yalikuwa vipande: cheupe karibu na cha kijivu, cha manjano kando ya chenye mishipa ya kijani, kimoja cha pembe nne na jirani yake cha pembe tatu, vimepangwa kama viraka vya kanga kuukuu. Baadhi yavyo vina alama za kuonyesha kwamba vilipata kutumika penginepo. Tetemeko la ardhi la mwaka 62 lilikuwa limebomoa sehemu kubwa ya mji, na yaelekea marumaru iliyovunjika katika majumba na majengo ya matajiri ilishuka hadi mikononi mwa wauza maharagwe na divai.

Katika meza hizo mshono haukufichwa, wala usingefichika. Muuzaji hakuwa na uwezo wa kununua bamba zima lililosafirishwa kwa merikebu kutoka Ugiriki au Afrika ya Kaskazini. Alikuwa na uwezo wa kununua mabaki. Basi mabaki yakawa pambo. Mpita njia aliyesimama kula aliona rangi za mawe ya nchi nyingi katika nafasi ya dhiraa chache, na hapana shaka mwenye duka alitaka azione. Wako waandishi waliodharau kazi hiyo kuwa ni uigaji wa maskini anayejikweza. Dharau hiyo haikutendea haki jicho la aliyevipanga, kwa kuwa kuchagua kipande gani kikae kando ya kipande gani ni kazi ya akili, na mishono mingi iliyopangwa vizuri hupendeza kuliko mmoja uliofichwa vibaya.

Mtu aliyeandika mengi juu ya marumaru katika zama hizo, Plinio Mkubwa, alikufa katika msiba uo huo wa mwaka 79. Katika kitabu chake kikubwa cha habari za maumbile alieleza kwamba jiwe, ijapokuwa laonekana kukatwa kwa chuma, kwa hakika hukatwa kwa mchanga: msumeno hauna kazi ila kuusukuma mchanga huku na huku juu ya mstari mwembamba. Mchanga ulio bora, asema, ulitoka Ethiopia. Mchanga mnene hufanya mfuo mpana, hula jiwe zaidi, na huacha uso wenye mikwaruzo unaodai kazi nyingi ya kung'arisha; lakini wakataji wasio waaminifu walitumia mchanga wowote wa mtoni, kwa kuwa ulikuwa rahisi. Basi malalamiko juu ya ukingo mbaya yana umri wa karibu miaka 2000, na sababu zake hazikubadilika: chombo kisichofaa, haraka, na mteja asiyejua alichouziwa.

Wayunani walikuwa wamelitazama jambo hilo kwa njia nyingine karne tano kabla ya Plinio. Hekalu la Parthenon la Athens, lililojengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, halina chokaa baina ya mawe yake ya marumaru. Waashi hawakujaribu kulilinganisha jiwe na jiwe kwa uso wake wote, kwani wangechoka bure. Walisawazisha utepe mwembamba wa pembeni tu, na katikati wakachimba kidogo, hata mawe mawili yalipokutana yaligusana kwenye ukingo peke yake, na kwa nje mstari ukawa hauonekani ila kwa mtu aliyekaribia sana. Ndani, mawe yalifungwa kwa vikuku vya chuma, na vikuku hivyo vikamiminiwa risasi ili maji yasivifikie.

Risasi hiyo haikuwa anasa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 hekalu lilitengenezwa upya chini ya mhandisi Nikolaos Balanos, na vikuku vipya vya chuma vikatiwa bila kinga ile ya kale. Chuma kikashika kutu, kutu ikavimba, na marumaru iliyokuwa imestahimili zaidi ya miaka 2000 ikapasuka kutoka ndani. Kazi ya kuvitoa vyuma hivyo na kutia titani mahali pake ilianza katika miaka ya 1970 na kuendelea kwa miongo mingi. Mkasa kama huo hutokea jikoni kwa kiasi kidogo. Sehemu nyembamba ya jiwe iliyo mbele ya sinki ni dhaifu, na mafundi wengi huchimba mfereji upande wa chini wa jiwe na kulaza ndani yake ufito wa chuma ili kulitia nguvu. Kikiwa chuma cha kawaida, na maji ya sinki yakikifikia, baada ya miaka kadhaa ufa hutokea juu ya meza, na mwenye nyumba hustaajabu jiwe limepasukaje hali halikupigwa na kitu.

Njia ya tatu, isiyo ya kuonyesha viraka wala ya kuficha mstari, ilipata utukufu wake katika kanisa la Hagia Sofia huko Konstantinopoli, Istanbul ya leo, lililojengwa kwa amri ya Kaisari Justiniano kati ya mwaka 532 na 537. Kuta zake zimevikwa mabamba ya marumaru yaliyopasuliwa kutoka pande moja na kufunguliwa kama kurasa mbili za kitabu. Mishipa ya bamba la kushoto hukutana na mishipa ya bamba la kulia, na mshono ulio katikati huwa kama uti wa mgongo: umbo zima lautegemea. Jicho halitamani uondoke, kwa maana ukiondoka hapana umbo. Mwaka 1929, katika maonyesho ya mataifa huko Barcelona, msanifu wa Kijerumani Ludwig Mies van der Rohe alisimamisha ukuta wa onisi uliopangwa kwa desturi iyo hiyo, naye alisimulia baadaye kwamba kimo cha jengo alikipata kwa kuzidisha mara mbili kimo cha pande la jiwe aliloweza kulipata. Jengo lilibomolewa mwaka 1930, likajengwa upya mahali pale pale katika miaka ya 1980. Ni nadra msanifu kukiri kwamba kipimo cha jengo lake alipewa na jiwe.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilichagua njia ya nne, nayo ni chokaa. Waashi wa Kilwa, Gedi na Lamu hawakuwa na marumaru wala graniti. Walikuwa na matumbawe. Matumbawe ya nchi kavu, magumu na yasiyo na umbo, yalijengewa kuta. Matumbawe laini yaliyotolewa baharini yalichongwa yangali mabichi kwa ajili ya mihrabu na vizingiti vya milango, kisha yakawa magumu kwa kukauka. Matumbawe hayo hayo yalichomwa juu ya kuni yakawa chokaa, na chokaa ikapakwa ukutani tabaka juu ya tabaka, ikasuguliwa mpaka ukuta mzima, pamoja na zidaka zake, ukawa kitu kimoja cheupe. Mshono ulizikwa ndani ya jamii yake, kwa kuwa kilichoufunika ni jiwe lile lile lililopita motoni.

Yafaa msomaji akumbuke jambo hili asimamapo katika magofu ya Gedi, mji ulioachwa katika karne ya 17. Picha za magofu hayo zimezoeza watu kuwaza kwamba wenyeji wa kale waliishi baina ya kuta za mawe yaliyoparara, kila jiwe na ufa wake. Mgeni wa leo huona mishono ambayo wenyeji hawakukusudia aione mtu. Mvua imevua kanzu ya ukuta, na kilichobaki ni mwili. Lakini chokaa ina kanuni moja isiyosameheka: hudai kurudiwa. Nyumba ya chokaa isiyopakwa mara kwa mara huifichua mishono yake yenyewe, na kwa hiyo weupe wa ukuta ulikuwa pia ushahidi kwamba nyumba ina watu.

Kwa karne nyingi jikoni hapakuwa na tatizo hili, kwa sababu meza ya jikoni ilikuwa samani iliyosimama peke yake, na jiwe, kama lilikuwapo, lilikuwa kipande cha kukandia au kusagia. Mambo yaligeuka katika karne ya 20. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko dogo kwa ajili ya nyumba mpya za wafanyakazi mjini Frankfurt, ambamo kabati na meza zilipangwa ukutani zikifuatana ili mpishi apunguze hatua. Meza zake hazikuwa za graniti. Lakini jiko la namna hiyo, lililoenea duniani kwa sura mbalimbali, ndilo lililozaa meza ndefu ya kuzunguka ukuta. Ilibaki jiwe lipungue bei. Katika robo ya mwisho ya karne ya 20 misumeno ya almasi ilienea machimboni na viwandani, graniti ya Brazili na ya Bara Hindi ikasafirishwa kwa meli hadi Marekani na Ulaya, na kitu kilichokuwa cha makaburi na mabenki kikaingia jikoni mwa watu wa kipato cha kati. Nyumba za wenye uwezo za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilifuata.

Hapo mshono ukawa ugomvi wa nyumbani. Fundi mwema huumaliza ugomvi kabla ya kukata: huchukua kipimo cha meza kwa mbao nyembamba, hulilaza bamba chini ya mwanga wa mchana, humwonyesha mwenye nyumba mishipa inapokwenda, na hupatana naye mstari utakaa wapi. Wako waupendeleao karibu na sinki, kwa hoja kwamba hapo jiwe limekwisha tobolewa na mstari utakaoonekana ni mfupi, vidole vichache mbele na vichache nyuma. Wengine wapinga vikali, wakisema kwamba ni upumbavu kuweka maungio dhaifu mahali penye maji mengi na jiwe jembamba. Hoja ya hao wa pili ndiyo yenye nguvu, ingawa wa kwanza huwavutia wateja zaidi. Kisha kuna kabati za chini: zisipokuwa sawa kwa pima maji, bamba moja litasimama juu ya mwenziwe kwa unene wa karatasi, na mwanga wa dirisha ukipita juu yake kimo hicho hutoa kivuli. Macho husamehe upana wa mshono, kivuli hayasamehi.

Kinachojaza nafasi leo ni gundi ya epoksi, jamii ya vitu iliyobuniwa katika miaka ya 1930 na kuingia sokoni baada ya Vita Vikuu vya Pili. Hutiwa rangi ifanane na jiwe, mabamba huvutwa pamoja kwa vyombo vinavyonyonya uso wake, na gundi iliyofurika hukwanguliwa kwa wembe ikisha kukauka. Katika kazi njema mshono huwa na upana wa kama milimita moja na nusu. Kuna hadithi ipendwayo na wengi kwamba wachongaji wa Kirumi walijaza nyufa kwa nta, na kwamba neno la Kilatini la unyofu lilitokana na maneno "bila nta". Wanaisimu hawaikubali. Lakini kupendwa kwake kwaonyesha jinsi watu walivyo tayari kuamini kwamba ufa uliozibwa ni uongo uliosemwa.

Katika imani hiyo ndimo jiwe la kutengenezwa lilimopata soko. Njia ya kuliunda ilikuzwa Italia katika nusu ya pili ya karne ya 20: chembe za kwazi, zaidi ya sehemu 90 katika 100, huchanganywa na gundi, hutikiswa na kushindiliwa hewa ikiwa imeondolewa, kisha hupashwa moto na kung'arishwa. Bamba lake halina mshipa usiotakiwa, na mwenziwe hufanana nalo kabisa, hata kipande kikiungwa na kipande jicho hupotea. Kwa wenye nyumba waliouchukia mshono maisha yao yote ilikuwa kama dua iliyojibiwa.

Gharama ilikuwa katika vumbi. Graniti kwa kawaida ina silika isiyofika nusu ya uzito wake, na marumaru ina kidogo sana. Jiwe lile jipya lilikuwa karibu silika tupu. Madhara ya vumbi la mawe hayakuwa habari ngeni. Mwaka 1700 tabibu wa Modena, Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake cha maradhi ya watu wa kazi, alikuwa amekwisha kuandika juu ya wakata mawe wavutao pumzi yenye ncha, ambao mapafu yao yalipopasuliwa yalikutwa na vijiwe. Hata hivyo mabamba mapya yalikatwa katika karakana ndogo nyingi kwa misumeno ya mkononi, makavu, ili kutengeneza ukingo wa sinki na kulainisha ukingo wa mshono. Mwaka 2012 madaktari wa Israeli walitoa taarifa ya kundi la wakata mawe wa kazi hiyo waliopelekwa kuangaliwa kama wabadilishiwe mapafu. Taarifa zilifuata kutoka Hispania, Australia na California, na wengi wa wagonjwa walikuwa vijana. Ugonjwa wenyewe, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Mapafu hugeuka kovu, na pumzi hupungua hata baada ya mtu kuiacha kazi.

Katika zama za Ramazzini ingekuwa mbali mno kuitafuta sheria; ilipatikana baada ya zaidi ya miaka 300. Tangu tarehe 1 Julai 2024 Australia, ya kwanza miongoni mwa nchi zote, imekataza kutengeneza, kuuza, kukata na kuweka mabamba hayo. Meza zilizokwisha kuwekwa hazikuamriwa kung'olewa. Ziko katika maelfu ya majiko, laini na za rangi moja, na pale mshono unapofunguka fundi bado huitwa. Lakini humpasa kwanza kuyaarifu mamlaka ya kazi, kisha kuuweka msumeno wake chini ya maji na kujifunga kinga ya pumzi usoni, ndipo auguse mstari.